Maji ya Kilifi Hayanyweki

Mama Koku,

Hamjambo hapo Izigo? Mvua imeshashuka, au bado mnatazama mawingu tu? Huku Kenya ni jua kali tangu tuvuke mpaka. Jana mimi na wavuvi wenzangu wote wa mwaloni kwetu niliokuja nao ziarani tulipanda boti kwenda kuvua baharini. Tulipofika mbali nikashikwa na kiu. Nikainama, nikachota maji kwa kiganja na kunywa, kama ninavyofanya ziwani kwetu kila siku. Chumvi ikanikaba! Nahodha, mzee wa hapa Kilifi, akashangaa: "Kwani nyinyi kwenu, maji mnayovulia ndiyo mnayokunywa?"

Nikamjibu, "Ndiyo, na mke wangu huyapikia ndizi." Hakuamini hata kidogo.

Wenzangu wakacheka mpaka boti ikayumba. Mimi nikatoa mfukoni zile punje za kahawa ulizonifungia kwenye jani la mgomba, nikatafuna moja kuondoa chumvi. Ghafla nikajiona sebuleni kwetu, unanikaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kama tunavyomkaribisha mgeni. Kuanzia hapo sikuvua kitu, nilishika mshipi tu.

Msalimie sana Koku. Nikifika usihangaike na chai. Nipe kikombe cha maji ya ziwa, halafu ukae karibu nami ninapokunywa.

Baba Koku