Kwa Baba, Uliyezikwa Nikiwa Abu Hamour

Baba yangu mpendwa,

Leo Ijumaa nimetoka kanisani, kule Mesaimeer, hapa Doha, nikaingia garini na nikashindwa kuwasha injini. Nikaona afadhali nikuandikie. Nimeahirisha barua hii kwa miaka. Kila nilipoianza nilijikuta nakugombeza, na wewe si mtu wa kugombezwa. Leo hasira imepungua. Huzuni iko palepale.

Naiandika wazi, wengine nao waisome, kwa sababu huku tuko wengi tuliozika wazazi wetu kwa simu.

Nianze na lile benchi la hospitali. Mama alikuwa ameshatutoka, na Wakesho, mdogo wangu, alikuwa amelazwa na homa ya uti wa mgongo. Wewe ulikuja moja kwa moja kutoka jikoni kwenye shule ya bweni ulikokuwa mpishi, ukinuka moshi wa kuni na maharagwe. Ulikuwa bado na ile aproni yenye masizi. Tukakaa nje ya wodi, mimi na wewe, na baridi ya milima ya Wundanyi ikipenya mlangoni.

"Baba, umemwambia Mungu?" nikakuuliza.

"Nimemwambia."

"Amesema nini?"

"Hajasema."

"Sasa?"

"Sasa tunakaa hapa."

Ukavua koti ukanifunika. Sikumbuki tulikaa siku ngapi, nakumbuka tu kwamba hukulala. Asubuhi moja muuguzi akatoka akasema mtoto ameomba uji. Ulinyanyuka, ukatembea hadi mwisho wa ule ujia, ukageukia ukuta, na mabega yako yakawa yanatetemeka. Mimi nikajifunza somo siku ile, Baba, ila nililijifunza kombo. Niliondoka pale nikiamini kwamba anayemngoja Mungu kwa adabu hupewa alichoomba.

Somo hilo ndilo nililobeba kuja Doha.

Kuna jambo sikuwahi kukuambia. Huku, sisi madereva wa nyumbani na mayaya, tunamwita mwajiri "Baba". Ndiyo desturi ya nyumba hizi. Basi nilikuwa nikimpeleka Baba ofisini, nikiwapeleka watoto wa Baba shuleni, jioni nyingine tunakwenda wote ufukweni Al Wakrah watoto wacheze mchangani. Halafu Ijumaa, siku ya mapumziko huku, wakienda kula kwa bibi yao, mimi nakwenda kanisani, na nikitoka nakupigia wewe. Neno lilelile, Baba, lakini kwako lilikuwa na uzito wake. Kabla hujauliza hata habari za afya, ulikuwa unauliza, "Leo mmesoma nini?" Nikishakuambia, unanisimulia nawe ulichosoma Jumapili mbele ya waumini, na jinsi yule mzee wa safu ya mbele alivyosinzia tena. Tulikuwa tukicheka mpaka salio linakwisha.

Kiangazi cha mwaka uliofuata ule Qatar ilipopewa Kombe la Dunia, sauti yako ikaanza kukwaruza.

"Ni koo tu," ulisema. "Moshi wa miaka mingi."

Wakesho akachukua simu, nikamsikia akitoka nje, akipita kuku uani. Akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, ni saratani. Daktari anasema kama unakuja, usichelewe."

Wewe na watu wa nyumbani mlidhani safari ni nauli tu. Huku haikuwa hivyo. Bila kibali cha kafili, yaani yule mwajiri aliyenileta, nisingeweza kutoka nchini, hata kama tiketi ningekuwa nayo mkononi. Na kafili wangu alikuwa Ulaya na familia yake, wamekimbia joto. Nikampigia.

"Baba, mzazi wangu ni mgonjwa sana. Naomba ruhusa niende nyumbani."

"Meskini," akasema, na nilisikia kwamba ameguswa. "Inshallah, Mwakio. Nikirudi."

"Na kama asipoweza kungoja?"

Nyuma yake niliwasikia watoto wakipiga makelele kwenye maji. "Nitamwambia mandub," akasema. Mandub ndiye mtu wake wa kushughulikia makaratasi ya serikali. Nikaenda kwa mandub, akaniambia bukra, yaani kesho. Kesho yake akasema bukra. Akazidi kusema bukra mpaka nikawa silisikii tena kama neno.

Nikabaki na nyumba tupu, pale mtaani Abu Hamour. Nilimwagilia maua, nikawasha magari mojamoja betri zisife, nikafagia vumbi lililorudi kabla sijaweka ufagio chini. Maji ya bomba yalikuwa yanatoka moto. Nilikuombea nikiwa naosha magari ambayo hayakuwa yamekwenda popote. Kanisani mmoja alinishauri niende ubalozini, mwingine akaniambia nitoroke tu, huko mbele nitajua. Nikakuuliza wewe. Kwa ile sauti iliyobaki ukasema, "Usigombane na mtu. Mngoje Mungu."

Nikajibu, "Sawa, Baba." Nikakata simu nikaitupa kitandani.

Kwa sababu nilikuwa namngoja, Baba. Sikufanya kingine chochote. Nilingoja kama ulivyonifundisha, bila kutukana, bila kukufuru, nikitegemea asubuhi mtu atatoka na habari ya uji.

Halafu sauti ikaisha kabisa. Wewe uliyekuwa ukisoma Neno mpaka wa nje wakasikia, ukawa ni pumzi tu kwenye simu. Wakesho alikuwekea simu sikioni nami nikawa nazungumza peke yangu. Nilikueleza joto la huku. Nilikusomea somo la Ijumaa, polepole, na nilipofika mwisho nikangoja uulize kitu. Nilisikia ukivuta pumzi. Nikasema, "Haya, Baba, pumzika." Sikujua kwamba nakuaga.

Wakesho alipopiga tena nilikuwa uani na mpira wa maji.

"Kaka, Baba amepumzika."

Niliuachia mpira chini. Maji yakatapakaa uwanja mzima, yakapita chini ya geti hadi barabarani, na nikayatazama tu.

Nikampigia kafili. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikampigia mandub. Akasema pole, kisha akasema bukra.

Siku ya maziko niliingia ndani ya gari, nikafunga vioo ili nisikie vizuri, na Wakesho akashikilia simu juu kaburini. Nilisikia upepo wa milimani. Nilisikia wanawake wakiimba, mchungaji akitaja jina lako lote, na mtu akikohoa karibu na simu. Nikasikia koleo likichota na udongo wa kwanza ukitua juu yako. Hapo simu ikakatika. Kadi ilikuwa imeisha.

Nilikimbia juani mpaka dukani, nikanunua kadi nyingine, nikaikwangua kwa ufunguo wa gari, nikakosea namba, nikarudia. Wakesho alipopokea, nyuma yake kulikuwa na kelele za masufuria.

"Tumeshamaliza, kaka," akasema. "Watu wanakula."

Kafili alirudi siku chache kabla ya Ramadhani. Alinipa kibali na tiketi kwa mkono wake mwenyewe, macho yake mekundu.

"Mwakio, mbona hukuniambia ni mbaya kiasi hicho?"

"Nilikuambia, Baba."

Akatazama chini.

Nikaja. Nilikuta udongo wako umeanza kuota majani. Wakesho alisimama pembeni yangu, amekonda. Nilimwambia ningefika mapema ningefanya hiki na kile, ningekupeleka Nairobi, ningetafuta daktari mwingine. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nairobi tulikwenda, kaka," akasema. "Hakuna kilichobaki cha kufanya. Alichotaka ni ukae naye."

Maneno hayo yaliniumiza kuliko kaburi.

Niliporudi Doha niliacha kanisa. Ijumaa nilikuwa nalala, au najifanya nimelala. Nyumba ya jirani alikuwepo yaya Mganda, dada Prossy, ambaye nilizoea kumpa lifti hadi Mesaimeer. Mwanzoni hakuniuliza. Baadaye akaja kugonga geti.

"Leo unakuja?"

"Sina la kumwambia Mungu, dada."

"Basi usiseme. Kuja tu ukae."

Nikamwambia aniache. Hakuondoka. Akaniambia, pale getini, kwamba mwanawe alifariki Masaka wakati yeye anaogesha watoto wa watu huku. Sikuwa najua. Nilikuwa nimempakia garini Ijumaa zote zile, akiimba njia nzima, na sikuwa najua.

"Nilikuwa nangoja jibu," akasema kwa Kiswahili chake cha Kampala. "Jibu haikuja. Sasa nangoja Mungu mwenyewe."

Sikumwelewa. Nikaona ni maneno ya mtu aliyekata tamaa akayapamba. Lakini nilichukua funguo nikampeleka, na kwa kuwa jua lilikuwa kali nikaingia ndani nikakaa nyuma kabisa. Sikuimba. Ijumaa iliyofuata nikakaa tena, na nyingine, na nyingine. Mtu aliyekuwa karibu nami alikuwa akinipa kitabu cha nyimbo nami nakishika kimefungwa.

Ni katika kukaa huko, Baba, ndipo lile benchi la hospitali lilipoanza kunirudia, na safari hii nilikuona wewe badala ya Wakesho. Hukuwa unajua kama ataamka. Mimi mtoto nilidhani unajua. Ulikaa pale huku muuguzi akiweza kutoka na habari yoyote, na ile ya kifo ulikuwa umeshaionja kwa Mama. Siku Mama alipofariki, jioni ulisali nasi kama kawaida, sauti ikikatika, ukaanza upya, ikakatika tena, ukaanza upya. Nilikuwa nimelisahau hilo. Nilikuwa nimechukua ile asubuhi ya uji nikaifanya ndiyo dini yangu yote.

Sijui kama nimekuelewa sawasawa. Ungekuwepo ungenirekebisha. Ninachojua ni kwamba uliponiambia nimngoje Mungu, na koo lako linaungua, hukuwa unaniahidi kwamba utapona. Ulikuwa unanionyesha mahali pa kukaa.

Nisikudanganye kwamba nimepoa. Prossy amesharudi kwao, na bila nyimbo zake njia ya Mesaimeer imekuwa ndefu. Kafili siku hizi anaumwa moyo, na mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Wanawe wanamwita "yuba", yaani baba kwa Kiarabu cha huku, wanapomshika mkono kushuka ngazi, na mimi nakaa garini namngoja. Nimejaribu kumwombea. Siku nyingine sala inatoka. Siku nyingine inanikwama hapa kooni, nabaki nimeshika usukani mpaka anarudi. Ananiuliza, "Umechoka, Mwakio?" Nasema hapana, Baba.

Hivyo ndivyo ninavyongoja. Vibaya, kwa manung'uniko, lakini sijanyanyuka kuondoka.

Kuna jambo moja tu nataka kukuomba. Tuliambiwa, nawe uliamini, kwamba parapanda italia na waliolala katika Bwana wataamka. Nakujua, utakuwa wa kwanza kunyanyuka na kupangusa udongo. Nakusihi usitangulie na wenzako. Nitakuwa natoka mbali. Ningoje hapo kando ya kaburi, Baba. Safari hii hakuna atakayenizuia.

Ni mimi mwanao,
Mwakio