Mama Fabiani na Nusu ya Kidonge

Gisenyi, Jumapili baada ya misa

Mama yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine juu yake, maana ile ya barua iliyopita sidhani kama ilivuka mpaka pale Rusumo. Dereva niliyempa bahasha alikuwa ameshalewa kabla jua halijapanda. Hii nampa mama mmoja wa kanisani anayekwenda Kigali, mcha Mungu, hanywi hata soda. Haya niambie, goti linasemaje? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa au bado anawatesa? Wifi Adela, najua ni wewe unayesoma kwa sauti hapo jikoni. Soma yote, usiruke pale unapoona patamhuzunisha Mama. Mama ana moyo mgumu kuliko mimi na wewe na kaka tukijumlishwa.

Mimi ni mzima. Sina homa wala kikohozi. Nimechoka tu, Mama, ule uchovu wa kuamka nao. Tulipokuwa tunakua hapo Karagwe mlituambia tukirudi Rwanda tutapumzika, basi mimi bado nakutafuta huko kupumzika sijakuona. Huko niliitwa Mnyarwanda, hapa naitwa Mutanzania. Watu wa mji huu wengi wametokea Kongo na ndugu zao wako Goma, hapo tu ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chao kina Kifaransa ndani kama mchele wenye mawe. Nimeanza kusema "bon" na "donc" mwenyewe, yaani "haya" na "kwa hiyo". Msinicheke.

Unauliza kazi. Bado niko wodi ya wagonjwa wa akili. Tuko wauguzi wawili, mimi na msimamizi wangu Selestini, mtu mzima aliyerudi kutoka Kongo, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Daktari huja akipata gari na barabara ikiwa salama. Isipokuwa salama, tunamsubiri.

Nataka nikueleze jambo moja lililotokea, maana nimelibeba kifuani na hapa sina wa kumwambia.

Chuoni tulifundishwa kwamba dawa ya akili inatoka mkononi mwa muuguzi mpaka mdomoni mwa mgonjwa, haipiti kwa mtu mwingine. Unamwita jina, unampa kidonge na maji, unasubiri ameze, kisha unamwomba afungue mdomo na ainue ulimi. Wengine wanakificha hapo chini wakakiteme nje. Si kwamba humwamini mgonjwa. Ugonjwa wenyewe ndio haumwamini mtu. Lakini hapa nilikuta utaratibu mwingine. Kila mgonjwa ana ndugu anayekaa naye hospitali, anampikia, anamfulia, wenyewe wanamwita murwaza. Asubuhi hao ndugu wanapanga mstari dirishani, Selestini anawapa vidonge vya siku nzima vikiwa vimefungwa kwenye karatasi, wanakwenda kuwapa wagonjwa wao. Nilimwambia hilo si sawa. Selestini akanitazama tu akasema, "Konsola, sisi tuko wawili. Wao wako ngapi? Bon." Nikaendelea na kazi, maana kweli tulikuwa wawili.

Katika hao ndugu alikuwepo Mama Fabiani, kikongwe kutoka Nyamyumba, mwembamba, mchapakazi, asubuhi keshafagia mpaka mbele ya vitanda vya wenzake. Mwanawe Fabiani alikuwa akivusha kandambili kwenda kuuza Goma, kijana wa watu, mchangamfu, mpaka ugonjwa ulipomwingia. Anasikia sauti zikimwambia watu wanataka kumtilia sumu. Kwa mji huu, Mama, ambako hata wenye akili zao wanaogopa sumu kuliko risasi, fikiria.

Daktari alimwandikia klopromazini, dawa ya kunyamazisha hizo sauti. Siku zikapita, Fabiani yuko vilevile, anaongea na ukuta, hapati usingizi. Daktari alipokuja akaongeza dozi. Bado. Ila Mama Fabiani ndiye aliyeanza kubadilika. Akawa anasinzia huku anamenya viazi. Ufagio ukamshinda. Watu wakasema uzee, wengine wakasema huzuni, sisi tukampima malaria, hakuna. Mchana mmoja akainuka ghafla kutoka penye moto, akayumba, akaanguka kando ya mafiga. Chungu cha maharage kikammwagikia mkono. Yesu wangu, ile sauti aliyotoa!

Nilimfunga mkono, nikamsaidia kutembea kwenda kitandani. Ndipo nikaona miguu yake. Alikuwa anaiburuta, hatua fupi fupi, mikono haichezi, shingo imekakamaa, na taya linatafuna kitu ambacho hakipo. Mama, ule mwendo naujua. Ndio mwendo wa wodi yetu nzima. Nikamuuliza kama anakunywa dawa yoyote. Akasema hapana. Nikamuuliza tena, "Hata kidogo, mama?"

Akasema, "Ya kwangu hapana. Mi naonjeaka mutoto."

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni asiyejua njia. "Fabiani hawezi kunywa kitu kama mutu hajaonja. Donc nakata kidonge na meno, mi nameza nusu, nafungua kinywa aone, kisha yeye anameza ingine. Wewe ni mutoto ya hapa ao hapana? Kwenu wanapatiaka mutu kitu bila kuonja?"

Wewe mwenyewe, Mama, sijawahi kukuona unampa mgeni pombe ya ndizi bila kuipiga funda kwanza mbele ya macho yake. Ndivyo ulivyotulea. Yule mama alikuwa na adabu, basi. Alimfanyia mwanawe heshima tuliyofundishwa wote, kila siku, kwa dawa inayomlaza mwanaume mwenye misuli. Na sisi tulipoona mtoto haponi tukaongeza, na nusu ya nyongeza ikawa inaingia kwa mama. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake nikalia, Mama, sikujali nani ananiona.

Selestini nilipomwambia alivua miwani, akasema, "Ningejua namna gani?" Sikumlaumu. Siku hiyohiyo tulimtoa Mama Fabiani, tukampeleka wodi ya wanawake, daktari akatuma maelekezo apewe dawa ya kulegeza ule ukakamavu. Na dozi ya Fabiani tuliirudisha ilipoanzia, maana kumbe tangu alazwe hajawahi kumeza kidonge kizima, na ile iliyoongezwa ingemwangusha na yeye.

Lakini sasa hakuna wa kuonja. Fabiani akakataa dawa, akakataa na chakula. Mama yake ameanguka mbele yake kisha hamwoni tena, unadhani alifikiri nini? Akawa anapiga mlango anapiga kelele, "Mumemupatia mama yangu sumu! Kunyweni nyinyi! Kunyweni nyinyi kwanza!" Nilikunywa maji yake, nikala viazi vyake mbele yake, akala kidogo. Dawa hapana. Siku zikawa zinapita, mtu anakonda, macho yamezama. Selestini akasema hakuna njia nyingine, ni kumshika kwa nguvu tumchome sindano. Wanaume wanne walishakubali kusaidia. Nilijua tukimshika hivyo, sindano itaingia, lakini kidonge hatakimeza tena kutoka kwetu maisha yake yote, na ugonjwa huu dawa yake ni ya miezi na miezi. Akitoka hapa hanywi, atarudi, au hatarudi. Vijana kama yeye wanaopotea mabarabarani na kukutwa wamekufa, Mama, siku hizi hakuna anayeuliza.

Nikamwomba Selestini asubuhi moja tu. Akasema, "Utamwambia nini? Ukimwambia dawa ndiyo iliangusha mama yake, tumekwisha. Atasema si niliwaambia iko sumu." Nikamwambia sijui nitasema nini.

Nilikwenda kumchukua Mama Fabiani, akaja ameegemea bega langu. Tukakaa uani, jua la asubuhi, Selestini kasimama mbali na mkebe wa dawa. Fabiani alipotolewa nje akamwona mama yake, akaja akakaa mbele yetu. Nikammwagia vidonge vichache kwenye kisahani, vyote sawasawa, nikamwambia achague mwenyewe anachotaka. Nilijiona nina akili sana. Akachagua kimoja, akaninyooshea mimi.

"Kunywa."

Nikamwambia siwezi, si dawa yangu. Akacheka kile kicheko cha wagonjwa wetu. Mara nikaona mkono unapita mbele yangu. Mama Fabiani. Mkono umefungwa bendeji, unatetemeka, anataka kukichukua kile kidonge akikate na meno. Mama, baada ya yote yale! Nilimdaka kifundo cha mkono nikamshika kwa nguvu, nadhani nilimwumiza. Akawa anavuta. "Acha, muganga. Acha nimuonjee mutoto yangu."

Fabiani akautazama ule mkono. Akauliza, "Juu ya nini mukono yake inatetemeka?"

Nilimwona Selestini anatikisa kichwa. Lakini nilikuwa nimechoka, Mama, na uongo unataka nguvu. Nikamwambia, "Kwa sababu ya dawa yako. Hii dawa si sumu. Ni ya kichwa kinachoumwa. Yeye kichwa chake hakiumwi, na alikuwa anameza nusu ya kila kidonge ili wewe uamini. Ndiyo imemfanya hivi. Ndiyo imemwangusha penye moto."

Nikasema moyoni, basi, nimeharibu.

Fabiani alimwuliza mama yake, si mimi. "Ni kweli?"

Mama Fabiani akasema, "Nusu tu. Nusu hainishindi."

Fabiani akamtazama mama yake, lile taya linalotafuna, zile kucha zilizokatika kwa kazi. Kisha akasema polepole, kama mtu anayejumlisha hesabu, "Donc mama alikuwa anakunywa ugonjwa yangu."

Akakitia kidonge mdomoni. Akanywa maji. Akafungua mdomo, akainua ulimi bila kuambiwa, akamgeukia mama yake aone. "Iko yangu," akamwambia. "Usionje tena. Umesikia, mama? Usionje tena."

Kikongwe wa watu akaanza kulia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Selestini akaja akachukua kisahani, akarudisha vile vidonge vingine ndani ya mkebe. Alisema tu, "Bon."

Tangu siku ile karatasi za dirishani zimekwisha. Selestini mwenyewe ndiye aliyezikomesha. Sasa kila kidonge kinatoka mkononi mwetu, kitanda kwa kitanda, mdomo kwa mdomo, na sisi tumebaki walewale wawili. Jioni miguu yangu imevimba kama mkate. Silalamiki, au tuseme nalalamika lakini sitaki zile karatasi zirudi.

Fabiani anaanza kulala. Juzi aliniuliza bei ya kandambili Goma, nikafurahi kama nimepewa sambaza, dagaa wa ziwa la huku, bure. Ana siku mbaya bado. Ipo siku alifunga mdomo kabisa, nikasubiri nusu ya asubuhi. Lakini anachosema mwenyewe, kila mara, ni kwamba mama yake aende nyumbani. Mama Fabiani hakutaka hata kusikia. Murwaza kumwacha mgonjwa wake ni aibu, watasemaje Nyamyumba? Tukambembeleza wiki nzima. Alhamisi akakubali. Fabiani alimsindikiza mpaka getini, mimi nyuma yao. Akamfunga kitenge vizuri begani, akamwambia, "Nenda, mama. Ulale." Akaenda na ule mwendo wake wa kuburuta, ambao daktari anasema utakwisha, na mimi namwomba Mungu asiwe anatufariji tu. Fabiani hakungoja apotee machoni. Aligeuka akaniambia, "Muganga, saa ya dawa imefika," akatangulia ndani.

Nisalimie Kaka, mwambie nimesikia habari za paa, anatumia mabati gani, yasije yakawa yale mepesi. Nisalimie Shangazi, mkubwa wetu sote, na yule jirani fundi cherehani ambaye gauni langu analo tangu sijaondoka, mwambie limeshapitwa na mtindo, sasa alivae yeye. Katekista naye nisalimie, aniombee usingizi. Wifi, wewe asante kwa sauti yako.

Na sasa, Mama, lile jambo uliloandika mwishoni mwa barua yako. Umesema umesikia nimekonda, na kwamba utauza ndama uje ukae na mimi, unipikie, unifulie, nikitoka kazini nikute moto. Nililisoma lile neno nikaiweka karatasi chini. Hakuna ninachokitaka kama hicho duniani. Ningekusikia tu ukikohoa chumba cha pili ningelala.

Usije.

Nakujua. Ungeamka kabla yangu, ungelala baada yangu, ungeniambia umeshakula wakati hujala, na mimi ningenenepa nikadhani mambo yamekuwa mazuri. Nimeona inavyokuwa. Huu uchovu ni wangu, Mama. Niachie niumeze mzima.

Mwanao anayekupenda na asiyejua kukudanganya,

Konsolata