Siku Mama Mkwe Aliponikuta Nacheza Baleti

Jumapili, mwezi wa sita. Baridi ya Songea imeingia mpaka kwenye mifupa. Leo ukungu ulikaa mtaani kwetu Ruhuwiko mpaka watu wa misa ya pili wakaanza kurudi. Niko kwenye kafe ya intaneti hapa mjini, vidole vimekufa ganzi, na kibodi hii herufi zake nyingine zimefutika. Nisamehewe makosa.

Sikupanga kuandika leo. Ila nyumbani hapakaliki.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: nafundisha shule ya msingi, nina mume anaitwa Gaudensi, na mwezi wa pili nilijifungua mtoto wa kike ambaye hakulia. Kizazi kilikuwa kimepasuka. Ili nisife, madaktari wakakitoa. Gaudensi ndiye aliyetia saini, ndiye aliyekwenda kuzika, na ndiye aliyenieleza nilipozinduka. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba yeye mwenyewe ndiye amwambie mama yake. Akasema atamwambia.

Hakumwambia.

Jeraha lilipopona, daktari aliniruhusu mazoezi mepesi. Mtoto hakuwepo lakini tumbo lilikuwa limebaki. Sokoni muuza dagaa alinipongeza, akauliza nimebakiza miezi mingapi. Nikamjibu, "Miwili," nikapokea dagaa wangu nikaondoka. Nilifika nyumbani bila kujua nimepita njia gani.

Kukimbia barabarani sikuthubutu. Rehema, mwalimu mwenzangu, akaniazima CD aliyotoka nayo Dar: mazoezi ya mwili kwa kucheza. Mwanzoni ni dansi, baadaye baleti. Nilicheka nilipoiona. Mwanamke mwembamba, nywele amezifunga utosini, anazungumza Kiingereza na kuchanganya maneno ya Kifaransa ambayo mpaka leo siyajui. Lakini mwili unaelewa. Visigino pamoja, vidole vya miguu vielekee nje, magoti yakunjwe taratibu, mgongo unyooke kana kwamba umeegemea ukuta. Yeye anashikilia bomba lililofungwa ukutani, mimi nashikilia kiti cha kulia chakula. Yeye ana viatu laini vya kuchezea, mimi nina soksi za Gaudensi, maana sakafu ya saruji mwezi huu ni kama barafu. Umeme wetu ni wa zamu. Usipokuwepo, nafanya kwa kukumbuka.

Kuna mahali unapinda mikono mbele ya tumbo, kana kwamba umebeba kitu cha mviringo. Mwanzoni nikifika hapo nilikuwa nazima deki. Siku hizi ninapita. Ninaumia, lakini ninapita.

Na nikiri hapa, ambapo wengi hawanijui: nimeyapenda mazoezi haya. Kwa muda ule mfupi mwili huu una kazi nyingine. Hakuna anayeudai mtoto.

Mama mkwe alikuja kutoka Mbinga baada ya Pasaka. Alileta maharage, kahawa ya shambani kwake, na furushi la mizizi. Si mtu mbaya. Nilipokuwa siwezi kuinama, alinifulia hadi nguo za ndani. Lakini kila asubuhi kabla sijaenda shule anachemsha ile mizizi, anaimimina kikombeni, anasimama mbele yangu mpaka nimalize. Ni dawa ya kusafisha kizazi, ili nishike mimba upesi.

Nimekuwa nikiinywa. Kila asubuhi. Gaudensi amekaa pale pale mezani anakoroga chai ambayo sukari yake imeshayeyuka zamani.

Nilimsihi sana amwambie. Jibu lake ni lile lile: mama ana presha, tumpe muda.

Leo mimi nilisali misa ya kwanza, wao wakaenda ya pili. Umeme ulikuwepo. Nikafunga mapazia, nikasogeza meza, nikaweka CD. Nilikuwa nimefika kwenye kuruka, ile sehemu ya kunyoosha miguu ukiwa hewani na kutua kimya, nikasikia mlango. Baridi ilikuwa imemshinda mama mkwe, wakaondoka kabla ya matangazo.

Alisimama mlangoni na kitenge chake cha kanisani, Gaudensi nyuma yake. Alinitazama mimi, akatazama runinga, akanitazama tena.

"Kumbe ndiyo maana dawa haishiki," akasema. "Unarukaruka hivi, Yustina, mimba itakaa wapi?"

Nyuma ya bega lake Gaudensi alinitikisia kichwa. Polepole. Aliniomba kwa macho, na macho yale nayajua, ndiyo aliyonitazama nayo hospitali.

Nikasema, "Mama, haina pa kukaa."

Hakuelewa. Nikamweleza. Nilitumia maneno mafupi kwa sababu pumzi ilikuwa bado haijatulia, na yule mwanamke wa kwenye runinga aliendelea kuhesabu kwa furaha mpaka nikaenda kumzima.

Mama mkwe akamgeukia mwanawe. "Baba, ulijua?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukaniacha namnywesha?"

Gaudensi akainama kuirudisha meza mahali pake. Mama mkwe akakaa kwenye kiti, akavua kilemba, akakiweka mapajani. Nilidhani atalia. Hakulia. Akasema kwa sauti ya chini, akimwambia yeye, si mimi, "Wa kiume niliyenaye ni wewe peke yako." Kisha akainuka akaenda chumbani, nikasikia anavuta begi lake kutoka uvunguni.

Gaudensi alinifuata jikoni. "Ungeniachia mimi."

"Nilikuachia tangu mwezi wa pili."

"Sasa umemwua mama."

Neno hilo alilitamka bila kupaza sauti. Afadhali angenipigia kelele. Mtu ambaye kwa mikono yake alimshusha binti yetu kaburini, leo ananiambia mimi nimeua.

Je, nilisema kwa sababu ni kweli, au kwa sababu nilitaka na Gaudensi aumie mbele ya mtu anayempenda? Nimekaa hapa nikijiuliza. Ninachojua ni kwamba kikombe kile sikinywi tena.

Mwenye kafe ameanza kufunga madirisha. Kesho alfajiri Gaudensi anamsindikiza mama yake Mbinga. Wakati natoka Gaudensi alikuwa anapanga nguo zake kwenye begi, lile kubwa, na amechukua na sweta zake zote mbili. Nitaamka kabla yao niwachemshie chai na viazi vya njiani.

Sijamwuliza atarudi lini. Naogopa atanijibu.