Sikuweka Sahihi

Kaka Boniface,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto. Mama anaendeleaje? Goti lake bado linamsumbua akipanda kutoka kisimani, au mlimtafutia mtu wa kumchotea maji? Na mvua imewafikia huko Malava? Mimi mwili ni mzima. Ila nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yako. Sitakuficha.

Barua hii inaletwa na Mwanaisha, dada wa Ekero niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja. Mkataba wake umeisha. Mpokee vizuri na umpikie, maana bila yeye usingejua kama niko hai. Simu yangu walinipokonya siku ileile tulipoongea mimi na wewe.

Unajua hapa ng'ambo, kiwandani, tunashona sare za hospitali siku sita, Ijumaa tunapumzika. Basi kila Ijumaa alasiri tulikuwa tunakutana wanawake kumi na mmoja katika chumba cha kufulia cha bweni letu. Tuliwasha mashine zote ili kelele zifunike sauti zetu, kisha tunaimba polepole, tunasoma Biblia, tunawaombea ninyi. Almaz, mama mmoja wa Kiethiopia, ndiye aliyekuwa akituongoza. Hatukumhubiria mtu wala kuingilia dini ya mtu. Lakini hapa mgeni Mkristo akiomba na wenzake ni kosa. Yule ajenti wako wa kazi za ng'ambo aliyesimama kanisani kutuambia tutaabudu tunavyotaka, hakujua hilo? Muulize.

Aliyetuchoma kwa meneja ni Beatrice. Mtu wa Mautuma, Kaka, Mluhya mwenzetu, aliyekuwa anatuanzishia nyimbo. Alipandishwa cheo kuwa msimamizi wa laini yetu ya kushona, na Ijumaa iliyofuata meneja akaingia na walinzi wawili. Walitia Biblia zetu zote kwenye gunia la taka. Yangu ilikuwa ile ya marehemu baba. Mlinzi aliing'oa jalada kwanza, halafu akaitupa. Nilipoikimbilia alinisukuma nikaanguka kwenye maji ya sabuni. Beatrice alikuwa mlangoni, anaangalia viatu vyake.

Kesho yake tuliitwa ofisini mmoja mmoja. Kulikuwa na karatasi ya kuweka sahihi, inasema sikutaka kuomba, ila Almaz alinilazimisha. Beatrice ndiye aliyekuwa akitafsiri.

"Weka sahihi, Violet," aliniambia. "Ni karatasi tu. Utaendelea na kazi yako."

"Almaz alinilazimisha lini?"

"Wenzako saba wameshaweka."

"Na wewe ulipewa nini?"

Akanisogezea kalamu. Nikaomba nikupigie simu. Meneja alikubali haraka, akijua mtu wa nyumbani ataniambia nini. Na hakukosea.

Ulisema, "Violet, unataka kufukuzwa kazi juu ya karatasi? Weka jina. Mungu anaujua moyo wako." Nikakuambia kuna mama atafungwa jela. Ukasema, "Huyo si wetu."

Nimeyageuza maneno hayo kichwani wiki tano, nikiyatafutia maana nyingine. Sijaipata. Wewe ni mzee wa kanisa. Wewe ndiye uliyenifundisha kuomba, na katika darasa la Jumapili ukatusimulia habari za watu waliopigwa na kufungwa wakakataa kumkana Bwana. Hao nao hawakuwa wetu?

Nilikata simu, nikaisukuma ile karatasi. Usidhani nilikuwa jasiri. Niliogopa sana. Nikafunga macho, nikaomba kwa sauti, kwa lugha yetu, vile Mama huomba akiwasha moto asubuhi. Haikuwa sala ya upole. Nilimwambia Mungu ampe Almaz nguvu, na amnyime Beatrice usingizi mpaka aseme ukweli. Nilivyoendelea kuomba, woga ukatulia. Sijui nikuelezeje. Ilikuwa kama mtu ameweka mkono begani kwangu, akauacha hapo.

"Anasema nini?" meneja akauliza.

Beatrice alikuwa ameelewa kila neno. "Anamsalimia mama yake," akasema.

Tulikataa watatu. Kwa kuwa maneno yetu hayakulingana na ya wale wengine, Almaz hakupelekwa polisi. Walimrudisha kwao tu, akiwa na nguo alizovaa. Alipopita dirishani kwetu aliinua mkono, anacheka. Sisi watatu tulinyang'anywa simu tukahamishiwa chumba cha pasi, kwenye mvuke, kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku. Mikono yangu imebabuka.

Jioni moja Mwanaisha alinitolea kitu alichokifunga kwenye leso. Ilikuwa Biblia ya baba, bila jalada. Alikuwa ameitoa kwenye gunia kabla gari la taka halijafika. "Mimi nikiona, kitabu cha Mungu hakitupwi pamoja na uchafu," alisema, kisha akaenda kuswali. Nililia siku hiyo, mara ya kwanza tangu yaanze.

Wanne kati ya walioweka sahihi wamerudi kwetu. Tunaomba tukipiga pasi, bila kukutana, bila kufunga macho. Beatrice naye alikuja juzi, akasimama karibu na meza yangu. "Silalangi, Violet," akasema. Niliendelea na pasi. Sijamsamehe. Siku nyingine naomba nisaidiwe kumsamehe, siku nyingine hata hilo siombi. Lakini jana nilimsogezea kiti.

Mkataba wangu umebakiza miezi minane. Nitaumaliza, na nitaomba kila siku yake.

Kabla ya kunyang'anywa simu nilisikia binti yako Sharon anamaliza kozi ya kushona na yule ajenti ameshachukua picha zake za kuja huku. Msomee barua hii wewe mwenyewe, kwa sauti yako, usiruke mahali, hata pale uliposema "huyo si wetu." Kisha umwache aamue.

Msalimie Mama, umwambie mikono itapona. Wasalimie shangazi wa pale sokoni, mwalimu wetu wa kwaya, na shemeji, mwambie nakumbuka obusuma yake, ule ugali wa nyumbani.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na bado nimekukasirikia,

Violet Nafula