Ugali wa Mafungo ya Rukuba

Mjukuu wangu Nyangeta,

Huku Bweri tuko wazima. Babu yako anakohoa na kubisha kama kawaida, na ng'ombe mweupe amezaa. Wewe huandiki mpaka upate shida.

Unauliza kama uende mafungo ya sala na wanajumuiya wasiokusalimia. Nenda, usinizeeshe.

Wakati wa Ujamaa tulihamishiwa kijiji kimoja na watu wa ng'ambo ya mto. Kanisani kila upande ulikaaga mabenchi yake. Padre akatupeleka wote mafungo kisiwani Rukuba. Kila upande ulibeba unga wake na sufuria yake. Maji yalipochemka, sisi hatuna mwiko. Kila mmoja alidhani mwenzake kabeba.

Mama Wankuru wa upande wao akatucheka. "Mtasonga na vidole?"

Nikamwambia, "Njoo usonge wewe, si una mdomo."

Akaja kweli na mwiko wake. Unga wetu haukutosha, akamwaga na wa kwao humohumo, akasonga mpaka jasho likamtoka. Tukala pamoja, na samaki furu wa kukaanga.

Jumapili iliyofuata aliingia kanisani, akapita mabenchi yao, akasimama mbele yangu.

"Sogea," akasema.

Nikasogea.

Bibi yako,
Nyabweke