Jogoo wa Kusindikizwa

Eldoret, 9 Machi 2025

Mulembe dada Rachael,

Natumai u mzima, pamoja na shemeji na watoto. Goti linaendeleaje? Mimi sijambo, ila nyayo zinauma kwa mazoezi.

Agosti nataka kutembea kwa miguu kutoka hapo kwako Iguhu, tukatize msitu wa Kakamega, tupande ukingo wa Nandi mpaka milima ya Cherang'any. Wiki mbili, hema mgongoni. Sijawahi kwenda safari kama hiyo. Naenda na Chepkirui wa kazini, ameshachora njia yote. Usiku wa kwanza tutalala kwako. Nieleze pia mama alikuwa akikaushaje uyoga, tuubebe.

Mdogo wako,
Gentrix

Iguhu, 16 Machi

Gentrix,

Salamu zimefika, sisi wazima. Goti lilipona Januari. Ungejua kama ungekuja.

Eti Chepkirui amechora njia! Nani alikubeba mgongoni mpaka juu ya kilima cha Lirhanda ulipochomwa na miiba? Pale juu tuliona milima ya Nandi, tukaapa tukiwa wakubwa tutaenda kwa miguu tujue nyuma yake kuna nini. Tulikuwa wawili. Sikumbuki msichana wa tatu.

Nina wivu, sitaficha. Nimeona picha zenu mmevaa viatu vya kufanana. Uyoga unaanikwa kwa ungo, unamaliziwa juu ya moto. Huyo rafiki yako akukaushie.

Dada yako,
Rachael

Eldoret, 2 Aprili

Dada,

Shikamoo, kama bado unapokea salamu zangu, maana simu hupokei.

Krismasi nilipotaja safari hii mbele ya watu wote ulicheka, ukasema kutembea bila shughuli ni kazi ya watu wasio na ng'ombe. Niliona aibu. Ningekuomba tena vipi twende pamoja? Viatu tulinunua pamoja kwa sababu duka lilishusha bei, basi. Tulale kwako ama tutafute kwingine?

Mdogo wako,
Gentrix

Iguhu, 20 Julai

Gentrix,

Hamjambo huko? Lala kwangu. Sitaki majirani waseme mdogo wangu alilala gesti na mimi niko na nyumba. Nitapika obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu. Huyo wako akitaka mursik, yale maziwa yao ya kibuyu, abebe yake.

Dada yako, bado amekasirika,
Rachael

Kapsabet, 9 Agosti

Dada,

Tumefika salama, ingawa magoti yangu hayakubali. Tuko kwa mama yake Chepkirui.

Huyu jogoo! Asubuhi ile tukiondoka kwako, ulipomtoa chini ya tenga na kunipa mbele ya mama mkwe wako, ulijua siwezi kukataa. Nani kwetu anakataa kuku wa kusindikizwa? Na ulijua nina mzigo gani mgongoni. Amewika ndani ya hema kabla ya mapambazuko, amekula karanga zetu, ameninyea shingoni. Kwenye ukingo wa Nandi nilikaa chini nikalia, nikasema tumchinje hapo hapo. Chepkirui akakataa. Alimbeba mwenyewe mpaka juu, akaniambia, "Kuku wa dada haliwangi porini kama wa kuibwa."

Mama yake amemfunga mguu nyuma ya jikoni. Anasema hachinjwi mpaka aliyemtoa aje tumle naye. Barua hii naipa matatu ya huko ikufikie kesho; tutakungoja. Begi la tatu tumeshaazima. Nilipaswa kukuomba Machi. Nakuomba sasa.

Mdogo wako,
Gentrix

Iguhu, 10 Agosti

Gentrix,

Natumai magoti yamepoa. Langu ni zima, asante.

Nilitoa yule jogoo ili mchoke mrudi. Sasa nasikia huyo msichana amembeba mpaka juu, na nimeona wivu upya. Jogoo ni wangu, mdogo ni wangu, na anayesifiwa ni yeye!

Shemeji yako atakamua ng'ombe. Amenuna, shauri yake. Nimechukua raba za michezo za binti yangu Naliaka, watoto wa siku hizi wana miguu mikubwa. Gari sipandi. Nyinyi mlipita msituni kwa miguu, nami nitapita kwa miguu.

Msalimie mama wa watu. Mkimgusa jogoo kabla sijafika, narudi nyumbani. Na tukianza kupanda Cherang'any, mimi na wewe tunatangulia. Chepkirui atembee nyuma.

Dada yako,
Rachael