Kidole Chenye Wino

Mutheu wangu,

Huku tuko wazima. Mvua imenyesha, mbuzi amezaa mapacha, na babu yako bado mbishi. Kioko binamu yako ananiandikia barua hii. Nimemkataza kuremba maneno yangu.

Unauliza kama huyo mgombea anayeahidi kukopa ng'ambo atujengee kila kitu ni mwongo. Ya moyoni mwake siyajui. Nilipokuwa ndiyo kwanza nimeolewa, mwingine alikuja hapa Matuu na ahadi ya pampu za maji, za mkopo. Tukapiga vigelegele. Babu yako alikuwa kazini Konza, kwa hivyo niliitwa mimi kuweka kidole kwenye karatasi ya mkopo kwa niaba ya boma. Kilikuwa kimeshapakwa wino mama mkwe aliponishika mkono, akamgeukia mgombea.

“Kijana, tukishindwa kulipa utachukua nini?”

“Mashamba. Lakini hamtashindwa, mama.”

“Basi kakope wewe, uweke shamba la mama yako.”

Watu walicheka mpaka akaingia gari lake. Mimi nilifuta kidole kwa leso.

Kukopa si dhambi, mjukuu wangu, hata mbegu hukopwa. Ila simama mkutanoni umuulize vilevile. Akikasirika, ameshakujibu.

Shamba letu lipo. Mwaka huu limetoa pojo mpaka nimegawa. Njoo uchukue zako.

Susu wako